Seva Isiyokaa Isiolo: Namna Mashine za Wingu Zinavyoandikwa kwa Msimbo

Kufikia tarehe 15 ya kila mwezi, takwimu za mwezi uliotangulia kutoka hospitali na zahanati za Kaunti ya Isiolo, kuanzia Hospitali ya Rufaa iliyoko mjini hadi vituo vya Merti, Kinna, Oldonyiro na Garbatulla, hutakiwa ziwe zimekwisha kuingizwa katika mfumo wa taifa wa taarifa za afya, ujulikanao kwa kifupi chake KHIS. Idadi ya watoto wa chini ya miaka mitano waliotibiwa malaria au kuhara, ambayo muuguzi huijumlisha kwenye fomu ya Wizara ya Afya yenye nambari MOH 705A, huishia kuandikwa kwenye ukurasa wa intaneti, na mhusika akishabonyeza kitufe cha kuhifadhi, tarakimu hizo huondoka Isiolo na kupokelewa na seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine, ambayo mhusika huyo hajapata kuiona wala hana haja ya kuiona. Seva za aina hiyo siku hizi mara nyingi hazinunuliwi dukani na kufungwa rafuni na fundi. Nyingi huandikwa kwanza kama maandishi, maandishi hayo yakageuzwa kuwa kielelezo, na kielelezo hicho ndicho kinachozaa mashine.

KHIS huendeshwa kwa DHIS2, programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, ambayo chimbuko lake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990. Kenya ilipoisambaza nchi nzima mwaka 2011, fikra ya awali ilikuwa kuweka nakala ya programu katika kompyuta za kila wilaya, lakini majaribio ya modemu za simu yalipodhihirisha kwamba mtandao wa simu unatosha kubeba kazi hiyo, mpango uligeuzwa na kila mtu akaelekezwa kwenye seva moja kuu. Wakati ulikuwa mwafaka, kwa kuwa nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilikuwa zimefika Mombasa mwaka 2009 na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kwa kaunti yenye kilomita za mraba 25,336 na watu 268,002 kwa sensa ya mwaka 2019, uamuzi huo ulikuwa na maana ya pekee, maana chini ya mpango wa kwanza kila kompyuta iliyoharibika Garbatulla ingesubiri fundi atoke mbali, ilhali chini ya mpango wa pili hitilafu ikawa moja, na ikawa ya wote. Ndiyo sababu namna seva hiyo moja inavyojengwa, na namna inavyoweza kujengwa tena ikianguka, si jambo la wahandisi peke yao.

Kompyuta za wingu ni kompyuta za kukodi zilizomo katika vituo vikubwa vya data, ambazo mteja huzilipia kwa saa au hata kwa sekunde bila kununua chuma chenyewe. Mashine moja kubwa hugawanywa kwa programu maalumu ikawa mashine kadhaa, kila moja ikitenda kana kwamba inajitegemea, nazo huitwa mashine pepe. Biashara hii katika sura yake ya leo ina mizizi barani Afrika kuliko wengi wanavyodhani: huduma ya EC2 ya kampuni ya Amazon, iliyofunguliwa kwa umma mwezi Agosti 2006, ilitengenezwa na kikundi cha wahandisi waliokaa Cape Town chini ya uongozi wa Chris Pinkham. Hata hivyo, kampuni hiyo haikufungua kanda yake ya kwanza ya vituo vya data barani, mjini humo humo, hadi Aprili 2020, na kwa takriban miaka 14 Mwafrika aliyetaka kuikodi huduma iliyobuniwa barani mwake aliikodi Ulaya, Asia au Marekani.

Mashine pepe haizaliwi tupu. Mteja anapoiomba, mtoa huduma hutwaa diski iliyokwisha kuandaliwa, huinakili, kisha huiwasha nakala hiyo. Diski ya kielelezo ndiyo inayoitwa imeji ya mashine. Ndani yake mna mfumo endeshi, mathalani Ubuntu, ambao ndio programu inayosimamia kompyuta nzima na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi, na mna kila kitu kingine ambacho mwandaaji aliamua kukitanguliza. Imeji moja inaweza kuzaa mashine moja, kumi au mia, na zote huanza maisha zikiwa sawa faili kwa faili. Kila imeji hupewa kitambulisho chake na hufungwa kwenye kanda ilikotengenezwa, hivi kwamba imeji ya Amazon iliyoundwa Ireland haiwezi kutumika Cape Town mpaka inakiliwe huko na kupewa kitambulisho kingine, jambo dogo ambalo limewapotezea wahandisi wapya alasiri nzima wakitafuta kitu ambacho wana hakika wamekitengeneza.

Ipo njia rahisi ya kupata imeji, nayo ni kuwasha mashine, kuingia ndani yake, kuandika amri moja baada ya nyingine mpaka mambo yakae sawa, kisha kuigandisha diski ilivyo. Njia hii hufanya kazi vizuri siku ya kwanza. Baada ya miaka mitatu seva bado inahudumia watu, lakini hakuna anayejua ni amri zipi zilizotolewa, kwa nini faili fulani ilihaririwa, wala ni nani aliyefungua mlango wa mtandao ambao haukustahili kuwa wazi. Na seva mbili zilizoanza pacha huwa zimekwisha kuachana kwa marekebisho madogo madogo yaliyofanywa usiku wa dharura. Imeji iliyotengenezwa kwa mkono huhifadhi matokeo na kuitupa sababu, na katika taasisi ya umma sababu ndiyo inayotafutwa mambo yanapoharibika.

Tiba yake ilianza kufikiriwa mapema, na kwa sadfa ya kupendeza ilianzia katika chuo kilekile cha Oslo, ambako mwaka 1993 mwanafizikia Mark Burgess alitoa programu aliyoiita CFEngine. Fikra yake ilikuwa kwamba msimamizi asiiambie kompyuta hatua za kufuata, bali aeleze kwa maandishi hali anayotaka kompyuta iwe nayo, kisha programu ilinganishe hali hiyo na ilivyo na kuziba tofauti. Puppet ya mwaka 2005 na Ansible ya mwaka 2012 zilifuata mkondo huo, na mwaka 2013 kampuni ya HashiCorp, iliyoasisiwa na Mitchell Hashimoto na Armon Dadgar, ikatoa Packer, programu ambayo kazi yake moja ni kusoma maandishi na kutengeneza imeji. Mwaka uliofuata ikatoa Terraform, ambayo husoma maandishi ya namna hiyo na kuziwasha mashine zenyewe pamoja na mitandao na diski zake. Maandishi haya yote, yanayoeleza seva na mazingira yake kwa lugha inayosomwa na mtu na mashine pia, ndiyo msimbo wa miundombinu.

Inafaa kuutazama msimbo huo kwa karibu, kwa kuchukua mfano wa seva ya DHIS2 ambayo kaunti ingetaka kuijenga kwa ajili ya mafunzo ya watumishi wake. Faili ya Packer ya kazi hiyo haizidi kurasa chache. Sehemu yake ya kwanza hutaja chanzo: kanda ni Cape Town, mashine ya muda iwe ya ukubwa fulani, na imeji ya kuanzia iwe Ubuntu 22.04 ya karibuni zaidi iliyotolewa na Canonical, kampuni inayoimiliki Ubuntu. Kumtaja mmiliki si urembo, kwa sababu mtu yeyote anaweza kuitangaza imeji yake hadharani kwa jina linalofanana na la Canonical, na Februari 2025 watafiti wa kampuni ya Datadog walieleza jinsi msimbo unaotafuta imeji kwa jina tu, bila kuuliza ni ya nani, unavyoweza kuangukia imeji ya mlaghai. Mstari mmoja wa maandishi ndio unaotenganisha seva salama na seva iliyozaliwa ikiwa na mgeni ndani.

Sehemu ya pili huorodhesha kazi za kufanywa juu ya msingi huo: vifurushi vyote vya mfumo visasishwe, Java, ambayo ndiyo lugha ya DHIS2, iwekwe katika toleo lililotajwa kwa nambari, Tomcat, programu inayoipokea DHIS2 na kuipeleka kwenye intaneti, iwekwe na iendeshwe na mtumiaji asiye na mamlaka makuu, saa ya mashine ifuate Nairobi, milango yote ya mtandao ifungwe isipokuwa ile inayohitajika. Wengi huziandika kazi hizi kwa Ansible, na Chuo Kikuu cha Oslo chenyewe hutoa bure seti ya maandishi ya Ansible ya kusimamishia seva za DHIS2, hivyo mtaalamu wa kaunti hahitaji kuanza na ukurasa mtupu.

Amri ya kujenga ikishatolewa, Packer huikodi mashine ya muda, hutengeneza ufunguo wa muda wa kuingilia, hutekeleza kazi moja baada ya nyingine huku ikiandika kwenye skrini kila inachokifanya, kisha huizima mashine, huinakili diski yake, huisajili nakala hiyo kuwa imeji, na mwisho huifuta mashine pamoja na ufunguo wake. Kazi moja ikishindikana, kwa mfano kifurushi kikikosekana, ujenzi husimama, mashine huondolewa, na imeji haizaliwi kabisa, jambo ambalo ni heri kuliko imeji iliyokamilika nusu. Kwa kawaida yote hayo huchukua dakika chache, na hugharimu kodi ya mashine ndogo kwa dakika hizo.

Hapa ndipo mbinu hii inapoihusu Isiolo kwa namna ambayo vitabu vya London na California haviigusi. Imeji huwa na ukubwa wa gigabaiti kadhaa, na mtu aliyeko Merti au Oldonyiro kwenye mtandao wa simu unaopanda na kushuka hawezi kuipakia kutoka kwenye kompyuta yake bila kukesha. Lakini haipakii. Anachotuma ni maandishi, ambayo ukubwa wake ni kilobaiti chache, pengine mdogo kuliko picha moja ya WhatsApp, na kazi nzito ya kupakua Ubuntu, Java na DHIS2 hufanywa na mashine ya muda iliyo ndani ya kituo cha data, penye mtandao wa kasi. Mtandao ukikatika katikati, kinachopotea ni ujenzi ule wa dakika chache tu, nao huanzwa upya, na ikiwa ujenzi umekabidhiwa huduma inayouendesha yenyewe kila maandishi yanapobadilika, hata huo haupotei. Umbali kati ya mjenzi na jengo, ambao kwa karne nzima umekuwa kisingizio cha kuiacha kaskazini nyuma, katika kazi hii hauna uzito mkubwa.

Yapo mambo ambayo hayapaswi kuingia katika imeji, na kuyajua ni nusu ya ujuzi. La kwanza ni data, kwa kuwa imeji hutupwa na kutengenezwa tena, ilhali takwimu za chanjo za Garbatulla hazina pa kutengenezewa zikipotea. Hifadhidata, kwa upande wa DHIS2 ikiwa ni PostgreSQL, hukaa kwenye diski au mashine yake tofauti yenye nakala rudufu zake. La pili ni siri, yaani nywila na funguo, maana kila atakayeipata imeji atazipata na siri hizo, na imeji iliyowekwa wazi kwa bahati mbaya imewahi kuziaibisha taasisi kubwa kuliko kaunti yoyote. Siri hupewa mashine inapowashwa, si kabla, kupitia programu kama cloud-init, ambayo imo ndani ya imeji za Ubuntu na ambayo kazi yake ni kuisomea mashine maagizo yake ya kwanza inapofumbua macho: jina lako ni hili, hifadhidata yako iko pale, nenda ukaichukue nywila yako katika ghala la siri.

Thamani ya utaratibu huu ilipimwa vikali mwezi Desemba 2021, pale udhaifu uliopewa jina la Log4Shell ulipotangazwa. Log4j ni maktaba ndogo ya Java ambayo programu nyingi huitumia kuandika kumbukumbu za yanayotendeka, DHIS2 ikiwa mojawapo, na udhaifu wake ulimwezesha mtu wa mbali kuiamuru seva itekeleze amri zake kwa kuifanya tu iandike sentensi fulani katika kumbukumbu hizo. Viraka vya usalama vilitolewa upesi, vikiwamo vya DHIS2, lakini swali lililowatesa wasimamizi duniani kote lilitangulia viraka: maktaba hiyo imo katika seva zipi, na katika toleo gani? Mwenye seva zilizojengwa kwa mkono alilazimika kuingia katika kila moja na kupekua. Mwenye seva zilizoandikwa alisoma maandishi yake, akabadilisha nambari ya toleo, akajenga imeji mpya, akawasha mashine kutoka kwayo, akazielekeza kwenye hifadhidata ileile, kisha akazizima za zamani. Kazi hii ya pili si nyepesi kiasi hicho kila mara, hasa penye seva ambayo watu wanaitegemea mchana kutwa, ila mwanzo na mwisho wake vinajulikana.

Suala la nani anayeshika ujuzi ni zito kuliko la usalama. Mtaalamu wa TEHAMA wa kaunti huhamishwa, hupandishwa cheo au huajiriwa na shirika linalolipa zaidi. Mradi wa wafadhili una tarehe ya kufungwa. Na mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya nchini Kenya iliyotegemea fedha hizo ilitikiswa ndani ya siku chache, bila nafasi ya makabidhiano ya utulivu. Seva iliyo katika kichwa cha mtu huondoka naye. Seva iliyoandikwa hubaki katika hazina ya msimbo, ambamo kila badiliko huwekwa pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe, na sababu aliyoieleza, na anayerithi kazi anaweza kurudi nyuma mwaka baada ya mwaka akaona seva ilivyokua. Jamii za wafugaji wa Isiolo hazihitaji kufundishwa kwamba makao yanaweza kufunguliwa na kusimamishwa kwingine yakiwa yaleyale: nyumba ya Kiborana au ya Kisomali hupakiwa juu ya ngamia na kuinuliwa penye malisho mapya na wanawake wanaojua kila ufito unakaa wapi. Ujuzi wao umo mikononi na hurithishwa kwa binti anayefanya kazi pamoja na mama, ilhali ofisi ambayo watumishi wake hupishana bila kuonana haina njia ya kurithishana isipokuwa kuandika. Kwa hiyo mkataba wa kaunti na kampuni ya kuijengea mfumo ungepaswa kudai msimbo kabla ya kudai nywila ya seva, na kaunti inayopokea seva bila msimbo imepokea mzigo wa mtu mwingine.

Mbinu hii ina gharama zake pia. Mtoa huduma wa nje hulipwa kwa dola, na shilingi ikishuka bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti hupungua thamani bila mtu kuigusa. Imeji za zamani zisipofutwa huendelea kulipiwa hifadhi mwezi hadi mwezi, kidogo kidogo, mpaka siku mkaguzi atakapouliza. Zana zenyewe hazina ahadi ya milele: mwezi Agosti 2023 HashiCorp ilibadilisha leseni za Packer na Terraform zikaacha kuwa programu huria kwa maana kamili, jamii ya watumiaji ikajibu kwa kuanzisha OpenTofu, tawi huru la Terraform lililo chini ya Linux Foundation, na mwaka 2025 IBM ikakamilisha ununuzi wa kampuni hiyo. Mtumiaji wa kawaida hakuzuiwa kuzitumia, lakini ofisi ya umma inayopanga kwa miaka kumi haina budi kuisoma leseni kama inavyosoma hati ya ardhi. Na iko Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo huweka masharti juu ya kuhamisha data za watu nje ya Kenya. Jumla za fomu ya MOH 705A hazimtaji mgonjwa, ila mfumo wa rekodi za mgonjwa mmoja mmoja ni kitu kingine, na kuujenga kwa imeji safi hakuupi msamaha. Penye shaka, maandishi yaleyale yanaweza, kwa kubadilisha sehemu ya chanzo, kujenga imeji kwa ajili ya mitambo iliyomo nchini, kwani Packer haikuundwa kwa Amazon peke yake.

Msimbo nao huzeeka. Anwani ya kupakulia kifurushi hubadilika, toleo la Ubuntu hufikia mwisho wa muda wake wa kuhudumiwa, na maandishi yaliyojenga imeji bila tatizo mwaka juzi hukwama leo katika hatua ya tatu. Timu zinazoijua kazi hii hazingoji ajali zilifichue hilo: hujenga upya imeji kila mwezi hata pasipo badiliko, na mara kwa mara humpa mtu ambaye hakuuandika msimbo kazi ya kusimamisha seva ya majaribio tangu mwanzo, akiwa na maandishi na nakala rudufu ya hifadhidata tu, huku mwandishi wake akiwa haruhusiwi kusema lolote. Pale anapokwama ndipo penye mstari uliosahaulika, nao huongezwa kabla ya watu kuondoka ofisini.